Tumeshachanga pesa za chama, sasa tufanye nini ili tusajiliwe?

*Swali: Wakili, habari ya kazi. Mimi hupakia bidhaa zinazonunuliwa mtandaoni, katika godauni moja kando ya Mombasa Road. Tuko watu 80 hivi. 50 wameandikwa na kampuni yenyewe na wengine wako chini ya ajenti. Zamu ya usiku hatulipwi ovataimu. Mwezi huu mwenzetu alivunjika kidole kwenye mashine ya kufunga maboksi, akaambiwa akae nyumbani bila malipo. Tumefungua kundi la WhatsApp na watu 43 wamenitumia shilingi 200 kila mmoja, za kusajili chama. Sasa tunataka kumwandikia meneja barua tumjulishe kwamba sisi ni chama cha wafanyakazi. Sheria inatutaka tufanye nini ili tusajiliwe? Na je, wanaweza kutufuta kazi? — Dada wa zamu ya usiku, Nairobi*

Dada, barua hiyo msiipeleke bado. Na kuanzia leo usipokee tena hata shilingi moja kwenye simu yako kwa jina la chama.

Nia yenu ni halali kabisa. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kuanzisha chama, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake, na haki hiyo haimwachi nje mtu wa ajenti wala kibarua. Kilichoharibika ni mpangilio. Mmeanzia hatua ya tatu, na kwa kazi hii mpangilio ni nusu ya sheria yenyewe.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007. Kifungu cha 12 kinasema mtu haruhusiwi kuandikisha wanachama kwa lengo la kuanzisha chama kabla hajapewa cheti na Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi. Msikichanganye cheti hiki na kile cha usajili. Hiki ni ruhusa tu ya kuanza kutafuta wanachama. Watu wengi hawajui kwamba kuna vyeti viwili, na nimeona makundi yenye watu wazuri na malalamiko ya kweli yakikwama hapo mlangoni. Kuchangisha watu 43 shilingi 200 za chama, mbele ya mtu asiyewatakia mema, kunaweza kuitwa kuandikisha wanachama bila cheti. Kwa hiyo rudisha pesa hizo kwa simu ile ile zilikotoka, kila mtu apate zake, na uhifadhi ujumbe wa kila muamala. Kundi la WhatsApp liacheni liendelee. Wafanyakazi kuzungumza juu ya kazi yao si kosa.

Cheti cha kwanza hakina masharti mazito. Ombi lake linatiwa sahihi na watu wasiopungua wawili na linataja jina la chama mnachokusudia kuanzisha, pamoja na maelezo mengine ya kwenye fomu. Kama limejazwa sawasawa, Msajili anapaswa kutoa cheti ndani ya siku 30, isipokuwa ombi lina kasoro au jina linafanana na la chama kilichopo kiasi cha kuwachanganya watu. Andaeni jina la akiba, mapema, msije mkarudishwa kwa ajili ya maneno matatu. Mkishapata cheti mna ruhusa ya kufanya kazi yote halali ya kuanzisha chama: kuitisha mikutano, kuandikisha watu, kwenda magodauni mengine. Saa nayo huanza kuhesabu siku hiyo hiyo. Mna miezi 6 ya kurudi na ombi la usajili wenyewe.

Miezi 6 inasikika kuwa mingi mpaka mtu aiingie. Mnafanya kazi kwa zamu. Jumapili moja nusu yenu wamelala kwa sababu ya zamu ya usiku, inayofuata ni mwisho wa mwezi na watu wameenda ushago. Niliwahi kuwasaidia wafanyakazi fulani waliokuja kwangu katika mwezi wa tano wakiwa na furaha tele, mkutano umeshafanyika, karatasi za mahudhurio mkononi. Zilikuwa kurasa nne zilizochanwa kwenye daftari la shule. Nikazisoma polepole. Majina yalikuwa 61, lakini 17 hayakuwa na nambari ya kitambulisho, mawili yalijirudia, na ukurasa mzima wa mwisho uliandikwa kwa mwandiko mmoja, sahihi zote zimeinamia upande mmoja. Hawakuwa wamedanganya. Kalamu ilizimika, watu wanakimbilia matatu, katibu akawaandikia. Lakini ukitoa hayo yote, hawakufika 50, na 50 ndiyo nambari ambayo sheria inaitaka. Ilibidi waitishe mkutano upya, na nyuso zao siku ile sijazisahau.

Kifungu cha 14 kinataka uamuzi wa kusajili chama ufanywe katika mkutano uliohudhuriwa na wanachama wasiopungua 50. Nyinyi mmechanga 43. Hata wote wangefika, hamtoshi, na katika watu 80 hutapata 50 wa kukaa chumba kimoja siku moja, maana wengine wako kazini wakati huo huo. Kwa hiyo msifikirie godauni lenu peke yake. Chama huandikishwa kwa sekta iliyotajwa ndani ya katiba yake. Kuna wapakiaji Industrial Area, kuna wa Embakasi, kuna wa Baba Dogo, na kazi yao ni ile ile yenu. Mkipata cheti, tafuteni wa kutosha ili mkutanoni waje 80 au 90. Mezani kaeni watu wawili, kila anayeingia aandike mwenyewe jina lake, nambari ya kitambulisho, mahali anapofanya kazi, simu na sahihi. Kumbukumbu za mkutano ziseme waziwazi nani alipendekeza chama kisajiliwe, nani aliunga mkono, na kura zilikuwa ngapi.

Mkutano huo huo ndio unaopitisha katiba ya chama. Jedwali la Kwanza la Sheria linaorodhesha mambo ambayo lazima yawemo: jina na madhumuni, nani anaweza kuwa mwanachama, ada, uchaguzi, kura za siri, nidhamu, mikutano, utunzaji na ukaguzi wa fedha, namna ya kuibadilisha katiba na namna ya kukivunja chama. Majaribu makubwa ni kuchukua katiba ya chama kingine na kubadilisha jina juu. Msifanye hivyo, kwa sababu moja kubwa kuliko aibu ya kuacha jina la wenyewe kwenye ukurasa wa tisa. Kipengele kinachosema nani anaweza kuwa mwanachama ndicho kitakachoamua kama mtasajiliwa. Mkinakili maneno mapana kama "wafanyakazi wote wa biashara na uchukuzi", mmejitangazia vita na kila chama kilichotangulia katika biashara na uchukuzi.

Hapo ndipo penye mlima. Sheria inamzuia Msajili kuandikisha chama kipya iwapo kuna chama kingine kilichosajiliwa ambacho tayari kinawakilisha vya kutosha maslahi yale yale, yote au sehemu yake kubwa. Ndiyo maana mkishawasilisha ombi, Msajili hutoa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika gazeti moja la kila siku linalosomwa nchini kote, akivialika vyama vinavyoonekana kuwakilisha kundi hilo vilete pingamizi kwa maandishi. Na hapa Nairobi pingamizi huja. Kazi yenu inagusa biashara, kwa hiyo KUCFAW, chama cha wafanyakazi wa biashara na vyakula, kinaweza kusema nyinyi ni wake. Inagusa usafirishaji, kwa hiyo na vyama vya uchukuzi vinaweza kunyoosha mkono.

Mjibuje? Si kwa kusema "hicho chama hakitusaidii". Hilo ni lalamiko, na Msajili anapima uwakilishi. Onyesheni kwa ushahidi jinsi kazi yenu ilivyo ya aina yake: zamu zenu, kupimwa kwa idadi ya vifurushi kwa saa, kuajiriwa kupitia ajenti, mashine mnazotumia. Onyesheni kwamba hakuna mkataba wa pamoja, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, unaowahusu, kwamba katika magodauni hayo hakuna mtu anayekatwa ada ya chama hicho, kwamba hakijawahi kufungua tawi pale. Orodha ya magodauni sita pamoja na hati za malipo zisizo na makato ya chama itawafaa kuliko kurasa ishirini za maneno makali.

Wengine waliupanda mlima huu kabla yenu. Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma mapema miaka ya 1990 wakidai UASU isajiliwe, na chama hicho hakikusajiliwa hadi 2003. Madaktari walipata KMPDU mwaka 2011, Katiba mpya ikiwa na mwaka mmoja. Wauguzi walilazimika kwenda mahakamani kwa ajili ya chama chao. Kabla ya hao wote walikuwepo Fred Kubai na Makhan Singh, ambao serikali ya kikoloni ilikataa kulisajili shirikisho lao la vyama, EATUC. Mei 1950 walikamatwa hapa Nairobi, na shtaka lenyewe lilikuwa kwamba ni viongozi wa chama kisichosajiliwa. Wafanyakazi wa mji huu waligoma. Makhan Singh alikaa kizuizini hadi 1961. Nalitaja hili kwa sababu usajili umewahi kutumiwa kama kufuli, na kifungu hiki cha uwakilishi ndicho kinachobaki na sura ya kufuli hiyo. Mimi naamini kinapaswa kusomwa kwa ufinyu, chini ya Ibara ya 41, na ningeitetea hoja hiyo mbele ya jaji yeyote.

Lakini nitakuwa nakudanganya nisipokwambia njia ya pili. Kabla hamjaenda kuchukua cheti, tumeni watu wawili wakakae na vyama vilivyopo. Waulize: mko tayari kufungua tawi kwetu? Tutachagua wawakilishi wetu wenyewe? Ada ni kiasi gani na inarudi vipi huku chini? Mkiridhika, siku hiyo hiyo mnaweza kujaza fomu za uanachama, bila cheti, bila wale 50, bila pingamizi. Kwa watu wenye kidole kilichovunjika leo, hiyo ni njia fupi. Msiporidhika, majibu waliyowapa, au kukosa kwao kujibu, yaandikeni na tarehe yake. Yatawafaa siku ya pingamizi.

Masharti mengine ya Sheria nayataja kwa kifupi. Chama kiwe na ofisi na anwani ya posta ndani ya Kenya. Chumba kimoja kinatosha, alimradi kipo kweli. Kiwe na lengo moja tu, kazi ya chama cha wafanyakazi, kwa hiyo msikichanganye na chama cha kukopeshana. Viongozi wawe watu wanaofanya au waliowahi kufanya kazi katika sekta hiyo, na aliyetiwa hatiani kwa wizi au udanganyifu hafai. Na chama kisiwe chini ya mwajiri, kwa njia ya wazi wala ya kificho. Hili la mwisho lina mtego. Meneja akisikia, huenda akawa mwema ghafla: atawapa ukumbi wa kantini, atawanunulia soda, atapendekeza msimamizi wa zamu awe mwenyekiti "kwa sababu ana uzoefu". Mshukuruni, kisha mkakutane kwenye ukumbi wa kanisa au wa mtaa.

Baada ya tangazo na pingamizi, Msajili hushauriana na Bodi ya Kitaifa ya Leba ndipo aamue. Akikubali, chama kinakuwa mtu kisheria: kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Akikataa, dai sababu kwa maandishi, ni haki yenu chini ya Ibara ya 47, halafu hesabuni siku. Rufaa huenda katika Mahakama ya Ajira na Leba, iliyo Milimani, na lazima ifunguliwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe. Siku ya 31 mtakuwa mnaomba huruma badala ya haki.

Sasa hili la kufutwa. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kuwa mwanachama wa chama, au kukusudia kuwa, si sababu halali ya kumfuta mtu. Vivyo hivyo kushiriki shughuli za chama nje ya saa za kazi. Angalia maneno hayo, nje ya saa za kazi. Kampeni ya chama ifanyike kwenye kituo cha matatu, kwenye chakula, Jumapili, kamwe si kwenye laini ya kupakia. Mwajiri mwenye hila hamfuti mtu kwa sababu ya chama. Humfuta kwa kuchelewa dakika kumi. Kwa hiyo nyinyi mnaoongoza, fikeni mapema, jazeni rejista, hifadhini picha za ratiba zenu. Wakikufuta hata hivyo, mahakama inaweza kuagiza ulipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, au urudishwe kazini. Sitakwambia kwamba hilo linalipa kodi ya nyumba mwezi ujao. Kesi huchukua muda, na kila mtu anayetia sahihi ajue hivyo kabla ya kutia.

Mkisajiliwa, meneja bado hana wajibu wa kukaa nanyi mezani. Wajibu huo unakuja chama kinapokuwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaostahili kuwa wanachama, bila kuhesabu mameneja. Na hesabu inafanywa kwa kila mwajiri peke yake. Kama hao 50 wa kampuni wote wanastahili, mnahitaji 26. Kama ajenti ana 30, huko mnahitaji 16. Watu wa ajenti wanaweza kuwa chama kimoja nanyi, lakini utambuzi, yaani mwajiri kukubali kukaa na chama mezani, mtaudai mara mbili, milango miwili. Wanaoitwa vibarua msiwaache nje: aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, sheria inamtoa kwenye ukibarua, hata kama ajenti anamlipa kila jioni. Ada itakatwa kwenye mshahara mara kila mwanachama akitia sahihi Fomu S, na mwajiri akishapewa fomu hizo chini ya agizo la Waziri ana siku 30 za kuanza kukata. Na siku mtakapopata mkataba wa pamoja, hakikisheni umesajiliwa mahakamani. Madaktari walitia sahihi wao na serikali 2013, haukusajiliwa, na ubishi juu yake ukaishia katika mgomo wa siku 100 uliomalizika Machi 2017.

Kidole cha mwenzenu na ovataimu yenu havisubiri chama chochote, na ndivyo ningevishughulikia kwanza. Chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, mwajiri anapaswa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu apate habari. Mwenzenu aandike barua leo, ataje tarehe, saa na mashine, abaki na nakala iliyopokelewa kwa sahihi, na aweke karatasi zote za hospitali. Dai lake lina miezi 12, na kukaa nyumbani kwa jeraha la kazini si likizo bila malipo. Kuhusu zamu, Agizo la Jumla la Mishahara linaweka saa 52 kwa wiki kuwa kazi ya kawaida, na zamu ya usiku haizidi 60. Kinachozidi hulipwa mara moja na nusu, na siku ya mapumziko mara mbili. Mtu mmoja tu anaweza kupeleka malalamiko hayo kwa afisa wa leba, bila chama na bila wakili.

Wiki hii basi: rudisha pesa, chagueni wawili wenye rekodi safi, wajaze ombi la cheti cha kwanza na walipeleke wizarani, Social Security House, Bishops Road pale Community. Waende na nakala mbili. Moja ibaki, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa maana siku 30 zitahesabiwa kutoka kwenye tarehe hiyo. Wasiondoke bila muhuri.